Uzi: Aprili 28 imepita kimya tena. Waliofia kazini Mombasa tunawakumbukia wapi?

KipevuMashariki (mwanzisha uzi)
Salaam wanabaraza. Juzi ilikuwa Aprili 28, siku ambayo vyama vya wafanyakazi duniani huwakumbuka waliokufa kazini. Shirika la Kazi Duniani, ILO, nalo tangu 2003 imeifanya siku ya usalama na afya kazini. Nimeshinda bandarini siku nzima, nimetoka jioni, na sikumsikia mtu akiitaja. Kesho ni Mei Mosi, tutakwenda Tononoka kusikiliza hotuba za nyongeza ya mshahara, turudi nyumbani.

Dai langu ni hili. Mji huu umejengwa na watu waliokufa wakiujenga, na sijaona mahali ambapo mtoto anaweza kushikwa mkono akaonyeshwa jina la babake. Reli, magati, maghala ya Shimanzi, matangi ya mafuta, magorofa ya Nyali. Kila kimoja kina watu wake. Kwa nini hatuwakumbuki? Na kama tungetaka ukuta wa majina, tuuweke wapi, na tuanze na nani?

Hamali_Mstaafu
Nakujibu kwa niliyoyaona. Kibarua wa zamani hakuwa na jina, alikuwa na nambari. Asubuhi mwajipanga langoni, foromani achagua, anayechaguliwa apewa kadi, jioni airudisha achukue chake. Mtu akiangukiwa na marobota ya katani, wanaomjua ni genge lake tu, na wengine wamjua kwa lakabu. Genge likivunjika na habari zake zimekwisha. Utaandika nani ukutani? Sababu ni hiyo, msitafute nyingine.

BintiMajengo
Mzee Hamali, shikamoo, lakini babangu hakuwa kibarua. Alikuwa na kitambulisho chenye picha na mshahara wa mwezi. Alifia ndani ya tumbo la meli mimi nikiwa darasa la sita. Kampuni ilileta magunia mawili ya mchele na mtu mwenye karatasi. Mamangu yuko edani, haonani na wanaume wa nje, karatasi ikaingizwa chumbani na ami. Hajui kusoma Kizungu. Akatia dole gumba. Miaka ilipita ndipo tukajua kwamba karatasi ile ilisema familia imeridhika na haitadai tena chochote.

Kwa hivyo jina lilijulikana. Lilipigwa chapa, likatiwa dole, likafungiwa kabatini mwa watu. Sababu yangu mimi ni hiyo: kimya kilinunuliwa kwa mchele.

Kaka_Shimanzi
Pole sana dada. Mola amrehemu.

Mwalimu_wa_Zamani
Mwanzisha uzi, mahali papo. Sanamu ya askari pale Jomo Kenyatta Avenue unaipita kila siku ukienda Mwembe Tayari. Iliwekwa miaka ya 1920 baada ya Vita vya Kwanza, na maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Wale walikuwa wafanyakazi. Walibebeshwa chakula na risasi wakaingia nazo Tanganyika, na makumi ya maelfu hawakurudi. Waliowaua zaidi ni kuhara, malaria na njaa, risasi ziliua wachache.

Ila ukitafuta jina moja la mpagazi pale, hulipati. Waliotengeneza sanamu waliona inatosha kuwataja kwa jumla.

Kaka_Shimanzi
@Mwalimu_wa_Zamani na reli je? Simba wa Tsavo waliwala watu 135, hata hao hawana kibao?

Mwalimu_wa_Zamani
Hiyo 135 ni hesabu ya Patterson mwenyewe, yule mhandisi wa reli aliyewaua simba hao, alipoandika tena miaka mingi baadaye. Mwanzo alitaja Wahindi 28, na Waafrika akasema tu kwamba hakuna aliyewahesabu. Mwaka 2009 wanasayansi walipima mifupa na manyoya ya simba wale wawili wakakadiria kama watu 35. Chagueni mnayoitaka. Mimi yanikera kwamba miaka zaidi ya mia bado tunazungumza habari za simba. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli ile kati ya 1896 na 1901, na waliokufa ni 2,493. Hata mkichukua ile hesabu kubwa ya simba, bado wabaki zaidi ya elfu mbili waliouawa na homa, kuhara, vidonda na ajali, na hao hakuna mtalii anayewauliza. Wakamba, Wataita na Waswahili waliofyeka njia mbele ya reli hawakuandikiwa hesabu ya namna ile kabisa.

TangaRaha
Wakuu, nawasalimu kutoka Tanga. Kwetu katani iliua watu wengi mno mashambani na viwandani, mashine ya kukamua inachukua mkono kabla hujapiga kelele. Hatuna ukuta pia. Ila nyie wa Mombasa mnapenda kudhani kila jambo linaanzia kwenu, hata usahaulifu 😀

Hamali_Mstaafu
@TangaRaha katani yenu tumeibeba sisi mgongoni, nyamaza kidogo.

Wakili_wa_Mtaa
Nimesoma alilosema BintiMajengo na nataka vijana walio kazini sasa walijue hili. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007, WIBA, inamtaka kila mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Mfanyakazi akifa, mwajiri anatakiwa kumjulisha afisa wa usalama kazini wa eneo ndani ya saa 24, kisha alete taarifa ya maandishi ndani ya siku saba. Fidia ya kifo inapigwa kwa mshahara wa miezi 96, na gharama za mazishi ziko juu ya mwajiri. Mchele na sukari ni rambirambi. Haviwezi kuhesabiwa kuwa fidia.

Kuhusu swali la uzi, mimi naona kimya kinatokana na njia yenyewe ya madai. Zamani familia ilikwenda mahakamani moja kwa moja, kesi ikasikizwa hadharani, gazeti likaandika. Sasa madai yanaanzia kwa mkurugenzi wa idara ya usalama na afya kazini, na Mahakama ya Juu iliuthibitisha utaratibu huo Desemba 2019. Ni wa haraka zaidi faili likishughulikiwa, sikatai. Lakini jina linabaki ndani ya faili.

Fundi_Kisauni
Wakili wasema vizuri, ila mjengoni hakuna hayo. Mwenye nyumba amempa kazi kontrakta, kontrakta amempa fundi, fundi amewaokota vijana barabarani asubuhi. Kijana akianguka kila mmoja amuonyesha mwenziwe kidole. Nimeona kijana ameanguka kutoka gorofa ya nne. Jukwaa lilikuwa miti imefungwa kwa waya wa kufungia nondo, mvua ya usiku imelegeza udongo chini, mti mmoja ukazama, mbao zikapinduka. Mkanda wa usalama haukuwako hata mmoja pale. Kabla ya adhuhuri damu ilikuwa imemwagiwa mchanga na zege likaendelea, maana gari la zege lilikuwa limeshalipiwa. Mwili ulipelekwa bara, Kakamega huko. Mchango wa nauli ulikuwa wetu sisi mafundi na vibarua.

Na hapo ndipo sababu yangu. Wengi wanaofia Mombasa hawazikwi Mombasa. Mji usio na kaburi lako utakukumbuka vipi?

Mchanga_wa_Likoni
Fundi umesema kweli tupu.

Sasa na mimi niulize. Mnaanza na nani, na Mtongwe mmeiacha? Feri ilipinduka asubuhi, watu wanavuka kwenda kazini kisiwani. Walikufa 272. Ilikuwa Aprili 28, 1994, siku hii hii ya wafanyakazi, na hamkuliona hilo.

Mwalimu_wa_Zamani
Aprili 29, ndugu. Ijumaa.

Mchanga_wa_Likoni
Siku moja haibadilishi kitu mwalimu. Sisi wa upande ule ni msimu mmoja wa huzuni. Feri ilikuwa na watu zaidi ya 400, imejaa kupita kiasi, ikapinduka ufuo bado unauona kwa macho. Makarani, mayaya, vibarua wa bandari, wauza samaki, wapishi wa mahoteli. Kuna nyumba Mtongwe zilizompoteza baba na mama asubuhi moja. Kama ukuta utawekwa, majina yale 272 yaanze.

Wakili_wa_Mtaa
Kisheria ni vigumu kuwaita waliofia kazini. Safari ya kwenda kazini huhesabiwa kuwa kazi pale mwajiri anapokusafirisha bure kwa gari lake mwenyewe. Feri ya umma haimo.

Mchanga_wa_Likoni
Wakili, hatutungi hati ya madai hapa. Mtu ameamka saa kumi usiku, amevaa sare ya kazi, ana chakula kwenye kikopo, amekufa majini saa ya kuingia zamu. Wewe wataka kumwita abiria?

BintiMajengo
Mimi niko na Mchanga. Lakini niko na hofu pia. Tukimweka kila aliyekufa akienda kazini, wale wa ndani ya meli na mitambo watamezwa na wingi huo. Babangu atakuwa mstari wa mia tatu na kitu, na hakuna atakayeuliza nani hakufungua mlango wa hewa.

Kaka_Shimanzi
Dada, kama hutajali, mlango wa hewa una maana gani? Mimi niko godauni, meli sizijui.

Hamali_Mstaafu
Ngoja nimjibu mimi, maana nimeingia humo ujana wangu wote. Tumbo la meli likifungwa wiki tatu na shehena ndani, hewa yake huliwa. Magogo huila hewa, makaa ya mawe huila, chuma chakavu chenye kutu huila zaidi. Hakuna harufu wala moshi. Mtu anashuka ngazi, anafika chini, magoti yanamlegea, amekaa chini kama aliyechoka. Wenzake juu wadhani ameteleza. Wa pili anashuka kumuokoa, naye analala. Wa tatu hivyo hivyo. Nilivyofunzwa na wazee ni kwamba tumbo lafunguliwa mapema, lapigwa hewa, kisha mtu ateremsha kipimo kwa kamba kabla ya mguu wa mtu kugusa ngazi. Kazi ikiwa ya haraka, meli yalipiwa kwa saa, hapo ndipo watu huambiwa washuke.

Shimo la choo ni vivyo hivyo. Hawa vijana wanaochimbua mashimo mitaani, mmoja akianguka ndani usimfuate bila kamba na bila hewa. Ita watu wa zimamoto. Wallahi nimezika ndugu wawili kwa shimo moja.

Nesi_Changamwe
Asante Mzee Hamali, hiyo ya shimo nimeinakili niwatumie wa mtaani kwetu.

Mnazungumza kana kwamba kazi huua kwa siku moja. Makadirio ya ILO ni karibu watu milioni 3 kwa mwaka duniani kote wanaokufa kwa sababu ya kazi, na ajali zenyewe ni kama 330,000 tu. Wengine wote ni magonjwa: mapafu, moyo, saratani. Hao hufia nyumbani kitandani, na cheti chaandikwa nimonia. Mimi nimewauguza wanaume waliobeba klinka, malighafi ya saruji, na saruji yenyewe miaka ishirini, anakohoa kutu, na hakuna aliyewahi kumuuliza ulikuwa ukifanya kazi gani. Mnaukumbuka mtaa wa Owino Uhuru? Kiwanda cha kuyeyusha betri kilitia madini ya risasi (ledi) kwenye damu za watu, na mahakama ya mazingira hapa Mombasa mwaka 2020 iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, kisha rufaa zikavutana miaka. Waliofanya kazi mle ndani walivuta moshi ule kabla haujafika mtaani. Ukuta wenu utawaweka wapi hao?

Fundi_Kisauni
Sasa ukuta utafika Mariakani.

Nesi_Changamwe
Na ufike.

Mgeni_Toronto
Nawafuatilia kutoka Kanada, kwetu ni Tudor. Huku Aprili 28 bendera za ofisi za serikali hushushwa nusu mlingoti, ni siku ya kitaifa kwa sheria tangu 1991. Wafanyakazi wa huku ndio walioianzisha miaka ya 1980, na walichagua tarehe hiyo kwa sababu Aprili 28, 1914 ndipo jimbo la Ontario lilipopitisha sheria ya fidia kwa wafanyakazi. Miji mingi ina jiwe au mti uliopandwa, watu hukusanyika asubuhi, majina husomwa kwa sauti. Hakuna hotuba ndefu.

Baharia_Mvita
Mimi nilisoma chuoni kwamba tarehe yatokana na sheria ya usalama kazini ya Marekani, ilianza kutumika Aprili 28, 1971.

Mgeni_Toronto
Vyama vya Marekani vilijiunga 1989 na wao hutaja sheria yao hiyo. Kila nchi yavuta kamba upande wake.

Baharia_Mvita
Basi na sisi tuvute. Mchanga anayo Mtongwe 29, ni siku ya pili yake. Tuwe na siku mbili zilizofuatana. Halafu mabaharia nao wakumbukwe. Baharia akifa kati ya bahari huwekwa kwenye jokofu la meli mpaka bandari ijayo, au azikwe majini, na mkataba wake ulitiwa sahihi na wakala ambaye simu yake haishikwi tena. Nina rafiki nyumbani kwao Kuze walipata begi lake tu. Kampuni ina bendera ya nchi moja, ofisi nchi nyingine, mwenyewe nchi ya tatu. Familia impeleke nani mahakamani?

TangaRaha
Na wacheza ngoma wa hotelini pale Mombasa 2002, mliwahi kuwaweka kwenye hesabu?

Kaka_Shimanzi
Kikambala ni Kilifi, mkuu, si Mombasa.

TangaRaha
Kutoka Tanga yote Mombasa. Novemba 28, 2002 bomu liliua Wakenya 10 na Waisraeli 3. Wengi wa wale Wakenya walikuwa kazini, pamoja na wacheza ngoma wa Kigiriama waliokuwa mlangoni wakiwalaki wageni. Kukaribisha wageni ndiyo ilikuwa kazi yao. Hao mnawaita wahanga wa ugaidi, mmesahau walikuwa kwenye zamu.

Kaka_Shimanzi
Hilo sina jibu lake.

Lakini niseme yangu, na msinitukane. Nyinyi mwatafuta sababu serikalini na kwenye makampuni. Sisi wenyewe je? Mtu akifa twasema ajali haina kinga, siku yake ilifika. Twamzika kabla ya magharibi, hitima siku ya tatu, tumemaliza. Ajali ya pili pale pale, mashine ile ile, twasema maneno yale yale. Nimeona kamba ya kreni iliyoua ikarudishwa kazini wiki ile ile.

BintiMajengo
Kudra ni ya Mungu na kamba mbovu ni ya mwenye kamba. Imamu wetu hulisema hili waziwazi mimbarini, Mungu amzidishie. Usiwatwike wafiwa hilo jambo, kaka. Tulimsomea babangu hitima na tulitaka kujua kilichomuua, vyote viwili.

Hamali_Mstaafu
Binti kasema. Sasa mahali. Mimi nauweka ukuta Kiwanja cha Maskini, pale wafanyakazi walipokutana Januari 1947 wakati wa mgomo mkuu, watu kama 15,000 wameacha zana, reli, bandari, mahoteli, mpaka wafanyakazi wa majumbani.

Mwalimu_wa_Zamani
Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi, na wenzake. Naunga mkono, ingawa kizazi cha sasa hakijui kiwanja chenyewe kilikuwa wapi.

Mchanga_wa_Likoni
Sikubali. Uwe kando ya maji, pande zote mbili wauone.

Fundi_Kisauni
Ufuo wa Mama Ngina basi. Watu hupita Jumapili na watoto.

Nesi_Changamwe
Mama Ngina ni pa mihogo na picha. Wekeni Changamwe, wafanyakazi wenyewe wanakoishi.

KipevuMashariki
Nasoma kila neno. Mimi naona tuanze na daftari kabla ya ukuta. Kila mwenye jina alilete: jina, kazi, mwaka, mahali, kilichomuua. Aliyekufa wa mapafu aandikwe, wa feri aandikwe.

Wakili_wa_Mtaa
Daftari sawa, ila idhini ya familia iwepo kwanza. Na jina la kampuni lisiandikwe bila ushahidi, mtashtakiwa.

BintiMajengo
Mnaona? Hata daftari halijafunguliwa, kampuni imeshapata wakili.

Wakili_wa_Mtaa
Nawalinda nyinyi dadangu, si wao.

Mama_Wawili_Jomvu
Hamjambo. Mimi ni mgeni humu, nimeingia kwa sababu ya maneno ya Wakili. Mume wangu alikuwa utingo wa trela. Mwezi wa nane mwaka jana alibanwa kati ya trela na ukuta wakipakia, akafa njiani kupelekwa hospitali. Mwenye gari alilipa jeneza na akasema tungoje bima. Nikipiga simu naambiwa faili liko Nairobi. Mume wangu hakuwa na barua ya kazi, alilipwa kwa simu kila safari. Je, nimechelewa?

Wakili_wa_Mtaa
Pole sana mama. Hujachelewa, lakini usingoje tena. Madai ya kifo yanatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya kifo, na yako inafika mwisho mwezi wa nane huu. Nenda mwenyewe ofisi ya usalama na afya kazini hapa Mombasa, usimtegemee mwenye gari. Uliza kama ajali iliripotiwa. Kama haikuripotiwa, iripoti wewe, na ukumbuke kwamba kutoripoti ni kosa la mwajiri. Chukua cheti cha kifo, ripoti ya upasuaji wa maiti, nambari ya taarifa ya polisi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na barua ya chifu inayowataja wategemezi.

Kukosa barua ya kazi kusikutishe. Zile jumbe za malipo ya simu ndizo ushahidi wako. Omba taarifa ya akaunti ya simu ya marehemu ya mwaka mzima. Tafuta dereva au mpakiaji mmoja aliyekuwepo akuandikie maelezo. Na usitie sahihi wala dole kwenye karatasi yoyote kabla haijasomwa na mtu unayemwamini.

BintiMajengo
Mama Wawili, hilo la mwisho lishike kwa mikono miwili. Nami nafanya kazi mjini, nitafute inboksi. Twende pamoja ukitaka.

Fundi_Kisauni
Kupakia kulikuwa wapi mama, Miritini au ndani ya Shimanzi? Nina watu pande zote.

Mama_Wawili_Jomvu
Miritini. Ghala lenye lango la bluu, karibu na kituo cha mafuta. Asanteni. BintiMajengo nimekuandikia. Jumatatu saa mbili nitakuwa stejini Jomvu.